Shakespeare Aliposogezwa Kiti

Vijana wenzangu wa kalamu, mnaijua hii? Zamani somo la Kiingereza pale chuo kikuu Nairobi lilimweka Shakespeare na wenzake wa Uingereza katikati. Mwafrika alikaa pembeni. Oktoba 24, 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong wakaandika waraka: Idara ya Kiingereza ivunjwe! Shakespeare hawakumfukuza, bwana. Walitaka asogee kiti tu. Fasihi ya Afrika ikae katikati, masimulizi ya mdomo yachambuliwe, na Kiswahili kisomwe pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Ubishi ukawaka, mwishowe ikapatikana Idara ya Fasihi. Kwa hiyo usidharau hadithi za bibi yako. Hizo nazo ni somo. Ziandike.