Tela, trekta na mkokoteni: mambo ya kukagua kabla mtoto hajapanda

Zamani mizigo iliyopita njia ya msafara ya Tabora ilibebwa na wapagazi, mabegani na vichwani. Leo huko Ulyankulu, wilayani Kaliua, kuni za kukaushia tumbaku, magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku husafirishwa kwa tela la trekta, guta au mkokoteni wa ng'ombe. Vijiji vingi viko mbali na barabara kubwa, hivyo mama na watoto nao hupanda juu ya mzigo huohuo kwenda sokoni, shambani au kliniki.

Tela lisilofungwa vizuri linaweza kuchomoka, kupinduka au kumwaga mzigo. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima: ni mwepesi, hana nguvu ya kujishikilia, na akiwa karibu na gurudumu dereva hamwoni. Huhitaji kuwa fundi ili kumlinda. Unahitaji kujua mahali pa kutazama na swali la kuuliza.

Je, ni salama mtoto kupanda tela?

Hapana. Tela la mizigo halikutengenezwa kubeba watu. Halina viti wala mikanda, na mara nyingi halina breki zake. Ikiwa kuna gari la abiria, panda hilo, au mwache mtoto kwa mlezi unayemwamini. Kama hakuna njia nyingine kabisa, fuata maelezo haya ili kupunguza hatari.

Kwa nini tela huchomoka?

Tela huunganishwa na trekta kwa pini nene ya chuma inayopita kwenye ndoano ya trekta na kwenye mkono wa tela. Kwenye barabara yenye mashimo, pini hurukaruka. Isipokuwa na klipu ya kuizuia, hupanda kidogo kidogo hadi ikatoka. Baadhi ya watu hutumia nondo au msumari mkubwa badala ya pini. Vyuma hivyo hupinda au kukatika mzigo ukiwa mzito.

Mambo matano ya kukagua

1. Pini na klipu. Pini iwe nene, ijae kwenye tundu lake, na iwe na klipu au waya mgumu chini yake. Tela liunganishwe kwenye ndoano ya chini ya trekta. Likifungwa juu, trekta linaweza kuinuka mbele na kupindukia nyuma.

2. Minyororo ya akiba. Minyororo miwili ipite chini ya mkono wa tela kwa kupishana kama alama ya X. Pini ikitoka, mkono utaangukia juu ya minyororo badala ya kuchimba ardhi. Iwe na nafasi ya kutosha kupiga kona, lakini isiburuzwe chini.

3. Mzigo. Vitu vizito viwe chini, vikielemea mbele ya ekseli kidogo. Uzito ukiwa nyuma, mkono wa tela huinuka na tela huyumba. Kwa mkokoteni wa ng'ombe ni hivyohivyo: uzito wa nyuma huivuta nira juu kwenye koo za ng'ombe, na uzito wa mbele kupita kiasi hukandamiza shingo zao.

4. Kamba. Mzigo ufungwe pande zote, si kwa kamba moja ya juu tu. Sukuma gunia au gogo kwa mkono. Likicheza, halijafungwa. Kamba zikaguliwe tena baada ya mwendo mfupi, kwa sababu mzigo hushuka na kamba hulegea.

5. Magurudumu. Angalia upepo, nati zote, na kama tairi limechanika. Tela likiwa limesimama, liwekewe mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu.

Gari bovu likibebwa au kuvutwa

Gari likipandishwa juu ya tela, breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe, na gari lifungwe kwenye kona zote nne kwa minyororo au mikanda imara ya kukazia. Kamba ya katani au ya nailoni ya kufungia mbuzi haitoshi. Gari likivutwa kwa kamba chini, linaweza kukosa breki zenye nguvu injini ikiwa imezimwa, na kamba ikikatika hurudi kwa kasi kama fimbo.

Kwa hali zote mbili, mtoto asikae ndani ya gari linalobebwa au kuvutwa, hata kama amelala. Watoto wanaotazama wakae mbali na kamba, pembeni kabisa.

Ikiwa lazima kupanda

- Panda na kushuka trekta likiwa limesimama kabisa.
- Keti chini kwenye sakafu ya tela, karibu na mbele, mgongo ukiwa umeegemea ubao. Usiketi juu ya mzigo wala ukingoni.
- Mtoto mdogo umpakate mbele yako. Akiwa mgongoni utamkandamiza ukiegemea au kuanguka.
- Kaza ncha za kanga na kitenge. Kitambaa kinachoning'inia hunaswa na gurudumu.
- Hakuna mtu wa kukaa kwenye mkono wa tela, wala kati ya trekta na tela.
- Usipande na watoto usiku, wala wakati wa kushuka mteremko wenye utelezi wa mvua.

Hatari nyumbani

Ajali nyingine hutokea tela likiwa uani. Dereva anaporudi nyuma kuunganisha tela, mtoto anaweza kubanwa katikati. Kabla injini haijawashwa, waite watoto wote na uwahesabu. Wakae na mtu mzima mmoja mahali ambapo dereva anawaona. Wakataze kudandia tela linalotembea, na wasichezee chini ya tela lililoegeshwa.

Tumbaku mbichi si godoro

Majani mabichi ya tumbaku, hasa yenye umande au mvua, hutoa nikotini inayopita kwenye ngozi. Mtoto aliyeketi au kulala juu yake anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na kuishiwa nguvu. Mvue nguo zilizolowa, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mpeleke kituo cha afya. Mama mjamzito naye asikalie majani hayo.

Ajali ikitokea

- Zimeni injini na zuieni magurudumu kabla ya kumsogelea aliyeumia.
- Damu ikitoka, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia.
- Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa hajitambui, msimkalishe wala kumvuta mikono. Mlazeni juu ya ubao, mkishikilia kichwa kisicheze.
- Usipake udongo, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala majani kwenye jeraha. Uchafu huleta pepopunda. Uliza kituoni kuhusu chanjo.

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa mtoto:

- alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi;
- anatapika mara kwa mara, anasinzia kupita kawaida au ana degedege;
- anatoka damu au maji puani au masikioni;
- ana tumbo linalouma au kuvimba, au mkojo wenye damu;
- alipitiwa na gurudumu, hata kama ngozi haikuchanika.

Mjamzito aliyeanguka au kugongwa tumbo aende siku hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu. Kutokwa damu au maji, tumbo kukaza, au mtoto kupunguza kucheza ni dharura. Tanzania ina mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Piga 115 bila malipo.

Jinsi ya kuzungumza na dereva

Wanawake wengi huona aibu kumuuliza dereva, hasa akiwa mkubwa kwao au amewapa lifti bure. Uliza kwa heshima, kabla hujapanda: "Shikamoo baba. Tunaomba tuangalie pini na kamba kwanza, nina watoto." Dereva makini hatakasirika, kwa kuwa tela likipinduka na yeye huumia. Akikataa au akiwa amelewa, mshukuru na usipande. Kuchelewa sokoni kunaweza kufidiwa siku nyingine.

Kumbuka: pini ina klipu, minyororo imepishana, mzigo hauchezi, watoto wamehesabiwa. Ukishajua haya manne, mfundishe na jirani yako.