Saranda, Jiko la Reli ya Kati

Kuuza chakula kwa wasafiri huku Saranda, wilayani Manyoni mkoani Singida, ni kazi kongwe kuliko reli. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo iendayo Tabora ilipita Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, ikanunua nafaka kwa nguo na shanga. Mbele ya Ugogo lilikuwa pori la Mgunda Mkali, na asiyebeba chakula hakuthubutu kuliingia. Baadaye Wajerumani wakajenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Saranda ikawa stesheni ya jirani na Kilimatinde. Misafara ilikoma, lakini msafiri mwenye njaa aliendelea kupita, sasa akiwa ndani ya behewa.

Hapo ndipo Saranda ilipojipatia jina. Abiria wa Kigoma na Mwanza wanaijua kuwa ni stesheni ya kula. Treni ikisimama, watu hushuka kuwaendea mama lishe: wali, ugali, na kuku wa kienyeji ambaye ndiye sifa ya mkoa mzima wa Singida. Anayeogopa kuachwa hununulia dirishani. Upishi wote hufuata ratiba ya treni. Ikichelewa, chakula kinapoa na mtaji unalala.

Mwishoni mwa 2009 mafuriko yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, mbali na Saranda, na safari za abiria zikavurugika. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba tuta likibomoka Morogoro, mama wa Manyoni hana wa kumuuzia.

Sasa inajengwa reli ya kisasa, SGR. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Treni ya umeme huenda kasi, na haisimami kila stesheni ya zamani. Maendeleo hayo tunayahitaji. Lakini wanawake hawa wamelisha taifa likiwa safarini, bila jengo wala kibao cha mgahawa. Wanaopanga stesheni mpya za Singida wawatengee mama lishe eneo lenye maji, kivuli na kodi wanayoimudu. Kazi iliyodumu tangu enzi za misafara inastahili kuingizwa kwenye ramani ya ujenzi mapema, kabla vibanda vyote havijagawiwa wenye mitaji mikubwa.