Msitu wa Mpanda na Majira Yake

Walioandika habari za kwanza za nchi hii iliyo baina ya Tabora na ziwa Tanganyika, ambayo tangu mwaka 2012 huitwa Mkoa wa Katavi, walikuwa wapita njia. Na mpita njia, hata awe hodari wa kutazama namna gani, huondoka na sura moja tu ya msitu, ile aliyoikuta siku aliyopita. Henry Morton Stanley, alipoondoka Tabora mwezi wa Septemba 1871, alizunguka kusini kupitia Ukonongo ili aepukane na vita vya mtemi Mirambo, akaukuta msitu mwishoni mwa kiangazi, akataja tunda la mbembu ambalo huwanusuru wasafiri walioishiwa na posho. Mwezi wa Januari 1872 alirudi pamoja na Dk. Livingstone, ambaye ndiye aliyekuwa akimtafuta, wakishika njia ya mashariki kutoka pwani ya ziwa, na safari hii mvua ilikuwa juu yao. Siku moja nyuki wa mwitu wakauvamia msafara, wakamwuma Livingstone kichwani na usoni. Naye, mtu aliyekaribia miaka 60 na mwenye miguu iliyochubuka, akafika kambini kwa mwendo wake mwenyewe, akanywa chai, na bashasha yake ikamrudia. Katika yote waliyoyaandika juu ya njia hiyo, kisa hiki cha nyuki ndicho nikipendacho kuliko vyote, kwa kuwa bila ya kukusudia kimemfikisha msomaji mlangoni mwa wenyeji.

Maana Wakonongo, Wabende na Wapimbwe waliujua msitu huu kwa nyuki, na matembezi yao, ambayo yalikuwa kazi na buraha kwa pamoja, yalifuata majira ya maua. Mwezi wa Septemba, moto wa kiangazi umekwisha kupita na mawingu hayajaonekana bado, mitundu na miyombo huchipua majani mapya yenye wekundu wa shaba. Mgeni huyadhani yananyauka, ilhali ndiyo kwanza yamezaliwa. Mninga nao hutoa maua ya manjano, na nyuki huanza kurejea. Mvua za Novemba zikishuka msitu hugeuka kijani, na wanawake na watoto huenda alfajiri kutafuta uyoga, hasa kandokando ya vichuguu, wakirudi na vikapu vilivyojaa na nguo zilizolowa umande hadi magotini.

Masika ndiyo wakati wa kutengeneza mizinga, kwani utomvu ukipanda gome la mti hubanduka kwa wepesi. Fundi hukata pete mbili shinani, moja chini na moja juu, akalipasua gome kwa wima na kulibandua zima, kisha akaziunga kingo zake kwa vijiti vilivyochongwa, akaziba ncha mbili na kuacha tundu la kupitia nyuki. Mti uliovuliwa namna hiyo hufa, nami sioni haya kusema kwamba huo ni ufisadi, ingawa ulifanywa na watu walioupenda msitu. Mvua zikielekea kwisha muba huchanua, na kuanzia Juni warina huingia porini kwa makundi, wamebeba unga na chumvi, wakapiga kambi kwa wiki nyingi, wakimfuata mlembe, ndege yule aitaye watu kwenye nyuki, na kuijaza asali katika vilindo vya magome. Nta yake ilisafirishwa pwani na hata Ulaya tangu zama za Wajerumani, na mwaka 1949 serikali ya Waingereza ikaanzisha idara ya ufugaji nyuki.

Kando ya ziwa Katavi ulikuwapo mkwaju ambao watu waliamini kuwa ni maskani ya mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale, na aliyekuwa akienda porini aliacha sadaka shinani kabla ya kupita. Jina la mzimu huyo ndilo jina la hifadhi ya taifa ya leo, na la mkoa mzima.

Mambo yaliyowatenga watu na msitu yalikuja kwa mfululizo. Kwa ajili ya malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o, Waingereza waliwahamisha watu wa vijiji vilivyotawanyika wakawakusanya mahali pamoja, na njia nyingi za zamani zikamezwa na nyasi. Madini ya risasi ya Mpanda yakaleta reli kutoka Kaliua, ya takriban kilomita 210. Mwaka 1974 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ikaongezwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, na mrina asali akawa hana ruhusa ndani ya mipaka yake.

Wageni wa leo huja aghalabu wakati wa kiangazi, wakawatazama viboko waliosongamana katika madimbwi ya mto Katuma. Masika ikiingia, udongo mweusi wa mbuga huyanasa magari na kambi nyingi hufungwa. Laiti warina wazee wa Inyonga na Sitalike wangepewa kazi ya kuwaongoza watu kwa miguu katika miezi hiyo ya uyoga na maua, kwani miguu hupita pale ambapo gari halipiti, nao wangali wanajua kila mti wenye mzinga.