Siri ya betri ya simu, na mawe ya Rubaya na Bisie

Katika familia nyingi zilizohama kutoka Masisi na Walikale, simu ndiyo kitu cha kwanza kushikwa mkononi wakati wa kukimbia, na chaji ndiyo shida ya kwanza baada ya kufika. Kwa simu hiyo mama hutafuta mtoto aliyepotea njiani, na mkulima huuliza kama shamba lake bado linafikika. Betri ikiisha, habari zinakatika.

Ndani ya kila simu ya kisasa kuna programu ndogo isiyoonekana, inayopunguza kasi ya simu na umeme wake ili betri idumu. Historia ya programu hiyo ilianzia mbali, lakini inakutana zaidi ya mara moja na historia ya vilima vya Masisi na misitu ya Walikale.

Hesabu ya mwaka 1994

Prosesa ni kile kipande kinachofanya hesabu zote za simu. Inakwenda kwa mapigo, kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja kwa zamu. Simu ya kisasa hupiga zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde, na kila pigo hula umeme kidogo.

Mtu anaweza kufikiri kwamba kupunguza mapigo peke yake kunatosha. Sivyo. Kasi ikishuka nusu huku volti zikibaki zilezile, umeme unaoliwa kila sekunde unapungua nusu, lakini kazi inachukua muda mara mbili. Mwishowe betri imetoa kiasi kilekile. Faida kubwa inatoka kwenye volti, kwa sababu umeme wa kila pigo hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Volti zikishushwa kwa 20%, kila pigo linakula 64% tu ya lilichokula mwanzo.

Lakini prosesa yenye volti chache haiwezi kukimbia sana. Ikilazimishwa, inakosea hesabu, na simu inakwama au inajizima. Kwa hiyo kasi na volti lazima zishuke pamoja.

Mwaka 1994, Mark Weiser na wenzake Brent Welch, Alan Demers na Scott Shenker, waliokuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, walitoa andiko juu ya jambo hilo. Walichunguza rekodi za kompyuta zilizokuwa zikitumiwa na watu kazini. Wakaona kwamba kompyuta hukimbia kumaliza kazi, kisha hukaa bure ikisubiri. Wakapendekeza kompyuta yenyewe ipunguze mwendo, imalize kazi kwa wakati wake bila kukimbia. Mzee yeyote wa Masisi angewaambia neno hilo kwa ufupi: haraka haraka haina baraka.

Mwaka 2000, huko na huku

Januari 2000, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa za kompyuta za mkononi zenye uwezo huo, kwa jina la SpeedStep. Moja yake ilipiga mara milioni 650 kwa sekunde kwa volti 1.6 ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ikibaki kwenye betri, ilishuka hadi mara milioni 500 kwa volti 1.35. Ukifanya hesabu, mwendo umepungua kwa chini ya robo, lakini umeme unaoliwa umepungua karibu nusu.

Mwaka huohuo, bei ya tantali, chuma kinachotolewa kwenye koltani, ilipanda kwa ghafla duniani. Viwanda vya simu na kompyuta vilikuwa vinagombania kapasita za tantali. Wakati huo Masisi na Walikale zilikuwa chini ya waasi wa RCD, walioanza vita Agosti 1998. Vijana wengi wakaacha majembe ya shamba, na malisho ya ng'ombe yakachimbwa mashimo. Novemba 2000 RCD iliunda kampuni yake, SOMIGL, na kuipa peke yake haki ya kununua na kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Waliokuwa wameacha kulima wakabaki na mashimo.

Kula kwanza, kubeba baadaye

Programu ya kuongoza kasi na volti iliendelea kukua. Mahali pake ni ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, kile kinachosema na vyuma moja kwa moja. Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ilipata sehemu inayoitwa cpufreq, na toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003 lilikuwa nayo. Mwaka 2004 ikaongezwa kanuni iitwayo ondemand. Kanuni hiyo hupima kila mara prosesa ina kazi kiasi gani. Kazi ikiwa nyingi, inapandisha kasi mara moja. Kazi ikipungua, inaishusha. Mfumo wa Android, ambao simu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008, umejengwa juu ya Linux hiyohiyo. Mwaka 2016 ikaja kanuni nyingine, schedutil, inayotumia hesabu za sehemu ya kerneli inayogawa kazi, badala ya kupima upya peke yake.

Draiva, yaani kipande cha programu kinachotoa amri kwa prosesa, ina sharti moja isilolivunja. Wakati wa kupanda, inaongeza volti kwanza, ndipo inaongeza kasi. Wakati wa kushuka, inapunguza kasi kwanza, ndipo inapunguza volti. Mbebaji wa mizigo anaelewa mara moja: mtu hula kwanza ndipo abebe, na hutua mzigo kwanza ndipo apunguziwe chakula. Ukigeuza utaratibu, anaanguka njiani.

Pipa la maji kando ya prosesa

Hapa ndipo jiwe la Rubaya linaingia. Prosesa inaporuka kutoka mwendo mdogo hadi mkubwa, inadai umeme mwingi kwa muda mfupi sana kuliko kupepesa jicho. Njia ya umeme kutoka kwenye betri haiwezi kujibu upesi hivyo. Volti zingezama, na hesabu zingeharibika.

Dawa yake ni kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme karibu na mahali unapohitajika. Familia zilizokaa kambini zinajua mfano wake. Robineti ikitoa maji polepole, wenye bidoni wote hawawezi kuchota kwa pamoja. Lakini pakiwa na tangi lililojazwa mapema, maji yanatosha mpaka bomba lilijaze tena. Kapasita nyingine hutengenezwa kwa kauri. Zile za tantali zinapendwa kwa sababu zinabeba umeme mwingi katika umbo dogo, tena hudumu.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba Rubaya, huko Masisi, hutoa takriban 15% ya tantali ya dunia. Mji huo uliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024.

Walikale nayo ina sehemu yake. Kasiterite ndiyo mawe ya bati, na bati ndilo linaloshikamanisha kapasita, prosesa na vipande vingine juu ya bamba la simu. Tangu Julai 2006, Ulaya ilipozuia risasi katika vifaa vya umeme, lehemu imekuwa karibu yote ni bati. Kule Bisie, kasiterite ilianza kuchimbwa mwaka 2002. Wabebaji waliitoa mgongoni kupitia msituni, kisha ndege ndogo zikaipakia Kilambo, zikitua juu ya barabara ya lami, kwenda Goma. Makundi ya silaha na hata wanajeshi wa serikali walitoza kodi juu ya kila mzigo. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati huko Bisie mwaka 2019. Machi 2025 ilisimamisha kazi M23 ilipokaribia na kuuteka mji wa Walikale, ikarudi kazini Aprili baada ya waasi kuondoka mjini.

Kilichobaki mkononi

Februari 2025, kambi za pembezoni mwa Goma zilipofungwa, maelfu ya familia walirudi Masisi au wakatawanyika kwa ndugu. Kwa wengi, namba za simu ndizo zilizobaki kuwa anwani yao.

Kwa mwenye simu, historia hii ina faida ya papo hapo. Kitufe cha kuokoa betri si pambo. Katika simu nyingi kinaizuia prosesa isipande hadi mwendo wa juu. Kukiwasha mapema, chaji ikiwa bado nusu, kunasaidia kuliko kungoja ibaki kidogo. Video na michezo hulazimisha prosesa kukimbia, na simu ikipata moto mkononi ni alama kwamba umeme unaliwa bure. Ujumbe wa maandishi na sauti huitaka kazi ndogo zaidi.

Watu walioandika programu hizo walitafuta namna ya kutopoteza hata volti moja bila sababu. Jiwe linalosaidia hesabu yao isimame imara linatoka katika vilima ambavyo wenye navyo wamehama mara mbili, mara tatu, mara nne. Katika hesabu hiyo, hasara yao haijawahi kuandikwa.