Luku ya Mwaka Uliozaliwa: Jinsi ya Kuitoa, Kutoka Albamu ya Mathe Hadi Gikosh

Kama uko TikTok ama Instagram, hii umeiona. Msee anaweka picha ya mwaka aliozaliwa, halafu anatokea amevaa vile watu walikuwa wanavaa enzi hizo. Wengine wameigeuza kuwa sheria ya bathdei: ukialikwa, unakuja umevaa mwaka wako.

Ni luku rahisi kuipenda na rahisi kuikosea. Wengi tunaandika "nguo za 1999" kwa simu, tunaletewa Marekani ya 1999, tunavaa hiyo. Lakini wewe hukuzaliwa Brooklyn. Ulizaliwa Pumwani, Kakamega ama Kisauni, na mathe wako hakuwa anavaa kama Aaliyah. Ukitaka luku ambayo itamfanya mathe acheke na aseme "hiyo nilikuwa nayo!", fuata huu mwongozo.

1. Anza na albamu, si simu

Omba albamu ya nyumbani. Kama ni kubwa, usipotee. Angalia vitu vinne tu: viatu, kiuno cha suruali kinafika wapi, mguu wa suruali ni mpana kiasi gani, na nywele. Hivyo vinne ndivyo vinabeba mwaka. Rangi ya shati inaweza kuwa ya mwaka wowote.

Geuza picha uangalie nyuma. Wazazi wetu walikuwa na tabia ya kuandika tarehe na mahali kwa kalamu. Zingine ziko na tarehe ya rangi ya chungwa pale kona ya chini, lakini usiiamini sana, kwa sababu kamera nyingi hazikuwa zimewekwa tarehe vizuri. Ulizia.

Kumbuka pia kwamba kupigwa picha kulikuwa shughuli. Filamu ilikuwa na picha chache na kusafisha kulilipiwa. Ukienda studio, ulivaa nguo yako bora, na kama hukuwa nayo, uliazima. Kwa hivyo ile blauzi ambayo mathe amevaa inaweza kuwa ya rafiki yake. Uliza ilikuwa ya nani. Kuna stori za nyumbani ambazo hutawahi kuambiwa mpaka uulize kuhusu nguo.

Na kama hakuna albamu? Si kila nyumba iko nayo. Kuna zilizoungua, kuna zilizopotea watu wakihama, na kuna familia ziliacha kila kitu nyuma mwaka wa 2007 kuingia 2008. Tafuta picha za harusi. Karibu kila ukoo una shangazi mmoja ambaye ameweka picha za harusi ya mtu, na kwa harusi kila mtu alikuwa amevaa vizuri.

2. Mwaka wa nguo si mwaka wa picha

Hapa ndipo wengi huanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilifungulia mitumba soko. Viwanda vya hapa kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikaanza kuyumba. Rivatex ilikuja kuzinduliwa upya 2019. Kwa mtaa, maana yake ilikuwa moja: nguo zilianza kufika kwa bale, na zilifika baada ya mtu wa Ulaya ama Marekani kuzivaa, kuzichoka na kuzitoa.

Kwa hivyo kulikuwa na kuchelewa. Ukiangalia picha ya Umoja ya 1999, unaweza kukuta buda amevaa koti lililokuwa fasheni ng'ambo miaka sita kabla. Hakuwa mshamba. Alikuwa amevaa kile kilichofika, na alikipangilia vizuri.

Kanuni ni hii: kama unataka luku ya kweli ya hapa nyumbani, changanya. Chukua kitu kimoja cha mwaka wako, kingine cha miaka mitano nyuma yake, halafu ongeza kitu cha hapa ambacho hakijui mwaka: safari boot ya Bata kutoka Limuru, akala, kiondo ama leso. Ukivaa kila kitu cha mwaka mmoja, utafanana na tangazo la biashara.

3. Mwaka wako ulivaa nini

*1990 hadi 1996.* Jinzi zilipanda juu ya kitovu, zimepauka, mguu unanyooka chini. Makoti na blauzi zilikuwa bado na mabega ya sponji, mabaki ya miaka ya 1980. Wamama walivaa marinda marefu ya maua. Wazee walivaa suruali za marinda kwa mbele na mashati mapana yaliyojaa michoro. Kama ulizaliwa 1995, kuna raba mlizaliwa pamoja: Nike Air Max 95. Lakini safari boot ndiyo itakuweka Nairobi.

*1997 hadi 2001.* Kalamashaka kutoka Dandora walikuwa wanaonyesha kwamba rap ya Sheng inaweza kusimama yenyewe, na vijana walivaa vile hip hop ilivaa. Jinzi pana, tisheti size mbili juu, bandana, buti za Timberland, na FUBU, kampuni iliyoanza New York mwaka wa 1992. Masistaa waligawanyika. Kuna waliovaa suruali pana na kitop kidogo kama TLC, na kuna waliopanda viatu vya soli nene baada ya Spice Girls kutokea 1996. Ulizaliwa 1997? Raba yako ni Air Max 97.

Wa 2000 mko na stori yenu. Mwezi wa Februari mwaka huo, Jennifer Lopez alivaa gauni la kijani la Versace kwenye Grammy. Watu waliitafuta ile picha kwa Google sana, hadi kampuni ikaona inahitaji njia ya kutafuta picha peke yake, na Google Images ikatoka 2001. Wa 2001 mmepewa Britney Spears na Justin Timberlake, waliofika kwa American Music Awards wakiwa wamevaa jinzi kutoka juu hadi chini. Hiyo unaweza kuitoa na mshkaji wako kwa pesa kidogo.

*2002 hadi 2007.* Huu ni wakati wa Ogopa, Calif, kapuka na genge. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji iligeuka wimbo wa uchaguzi wa 2002. E-Sir alitutoka Machi 2003, lakini luku ya wakati wake ilibaki: jezi ya basketi juu ya tisheti, kofia imeinama upande, cheni, na jinzi inayomeza viatu. Kama ulizaliwa 2005, jua kwamba huo ndio mwaka NBA ilileta sheria ya mavazi na kuwakataza wachezaji kuvaa cheni na jezi za kutembelea wakiwa kazini. Ukivaa hivyo, unavaa kile kilichopigwa marufuku ukiwa mtoto mchanga.

Masistaa wa enzi hizo walikuwa na tumbo cut, jinzi za kiuno chini, mikanda mikubwa, na trakisuti za kitambaa laini kama velveti. Wa 2002, mmezaliwa mwaka mmoja na kampuni ya Crocs, kwa hivyo mko na ruhusa. Wa 2004, mwaka wenu Kenya iliendesha shindano la kutafuta vazi la kitaifa. Vazi lilipatikana, likaonyeshwa, halafu watu wakarudi kuvaa vile walikuwa wanavaa. Ukipata fundi wa kukushonea toleo lako, utakuwa peke yako kwa hiyo pati.

*2008 hadi 2012.* Jinzi zilianza kukaza hadi kuvua zikawa mazoezi. Skini za rangi, hudi, raba za Converse, kofia bapa. Wa 2008 mko na kitu ambacho hakuna mwaka mwingine unacho: Obama. Alishinda Novemba, na Kenya ikapewa sikukuu tarehe 6. Tisheti na leso zenye uso wake zilitapakaa kila mahali. Uliza shosh, pengine leso bado iko.

4. Kujua umri wa nguo kabla ya kutoa doo

Muuzaji atakuambia kila kitu ni "vinteji". Usibishane, soma lebo. Kwa jinzi nyingi za Levi's, lebo ya ndani ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa raba za Nike, angalia lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, mara nyingi kuna tarehe.

Lakini njia rahisi zaidi ni jezi ya mpira, kwa sababu mdhamini kwa kifua hukuambia mwaka:

- Arsenal: JVC mpaka 1999, Dreamcast na Sega mpaka 2002, O2 mpaka 2006, halafu Emirates.
- Manchester United: Sharp mpaka 2000, Vodafone mpaka 2006, AIG mpaka 2010.
- Liverpool: Carlsberg kutoka 1992 mpaka 2010.
- Chelsea: Emirates kutoka 2001 mpaka 2005, halafu Samsung mpaka 2015.

Kama ulizaliwa 1999 na buda ni wa United, jezi ya Sharp ya mwaka wa mataji matatu ni zawadi kwenu wawili. Kama ulizaliwa 2005 kwa nyumba ya Liverpool, hakuna haja ya kueleza Istanbul ni nini. Chunga tu feki mpya zinazoiga za zamani. Jezi ya miaka 20 ambayo imevaliwa haitakuwa na maandishi yanayong'aa kama ya jana.

5. Gikosh bila kulia

Usinunue luku nzima dukani. Enda Gikosh, Toi ama Muthurwa. Mombasa kuna Kongowea, Kisumu kuna Kibuye. Ukitaka kamera, yaani zile nguo za kwanza kuchaguliwa bale ikifunguliwa, amka mapema. Ukiwa na pesa kidogo, nenda fagia, ile milima ya nguo zilizobaki. Nguo zilizopitwa na wakati huishia hapo kwa sababu hakuna anayezitaka, na wewe leo ndiye unazitaka.

Usiseme kwa sauti kwamba unatafuta "Y2K". Bei itapanda ukiwa umesimama hapo hapo. Sema unataka jinzi pana.

Usitafute saizi yako. Enzi hizo jinzi pana ilikuwa mara nyingi ni jinzi kubwa iliyofungwa mshipi. Chukua size mbili juu, umpelekee fundi akupunguzie kiuno peke yake, mguu auache. Mweleze kwa picha, si kwa maneno, na umwonyeshe ile ya albamu.

6. Vitu vya kuchunga

*Jungle.* Nguo za madoadoa ya jeshi zilikuwa kwa video nyingi za enzi zile, lakini hapa Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo. Karao hatakusikiliza ukimwambia ni ya bathdei. Iache.

*Tisheti za kampeni.* Za 1992, 1997 na 2002 zinaweza kuwa luku kali. Za 2007, fikiria mara mbili. Kwa pati hiyo kunaweza kuwa na mtu aliyezikwa ndugu mwaka huo akiwa bado hajui kutembea.

*Tumbo cut na mini.* Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi, #MyDressMyChoice, baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani stejini. Kumvua mtu nguo ni uhalifu, na kosa ni la anayevua. Bado, ukijua utapita steji usiku, panga usafiri na wenzako mapema, na mkae pamoja.

*Nguo za mathe mwenyewe.* Ukiruhusiwa kuvaa ile ya kweli, usiipeleke kwa fundi bila kuuliza. Kitambaa cha miaka 25 huchanika kwa mshono, na hakuna Gikosh inayouza nyingine.

7. Ile nguo ambayo wengi husahau

Kuna ukweli mmoja mdogo. Mwaka uliozaliwa, wewe mwenyewe hukuvaa bandana wala tumbo cut. Ulivaa leso. Ulifungwa nayo mgongoni, ukafunikwa nayo kwa matatu, ukafutwa nayo mdomo. Pengine ilinunuliwa Biashara Street, Mombasa, na chini iliandikwa "Mali ya Abdulla". Pengine ililetwa na shosh alipokuja kukuona.

Kama bado iko kwa sanduku, ifunge kiunoni juu ya jinzi yako pana, ama itupe begani. Hiyo ndiyo nguo pekee kwa luku nzima ambayo ni ya mwaka wako kweli.

Halafu, kabla hujatoka, fanya vitu viwili. Piga zile picha za albamu na simu yako, moja moja, karibu na dirisha bila flashi, kwa sababu rangi zinaendelea kufifia. Na mwambie mathe akutajie kila mtu aliye kwa picha, uandike majina. Nguo unaweza kuipata tena fagia, lakini majina anayajua yeye tu.