Askari Akirudi Nyumbani, Nani Anambeba?

Naandika kutoka Sydney. Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile: hivi huko kwenye nchi ya kangaruu unafanya kazi gani hasa? Nikijibu kwamba nakaa chumbani na mtu na mkewe, mmoja wao aliwahi kuwa mwanajeshi, tunazungumza saa nzima kisha serikali inalipa, upande wa pili kunakuwa kimya, halafu kicheko. Shangazi yangu ndiye aliyetia fora. "Yaani wewe unalipwa kwa kazi niliyoifanya bure miaka arobaini?"

Basi leo nimeamua kuieleza. Ya wateja wangu siwezi kuyasimulia, yanayosemwa kwenye kile chumba yanabaki kule kule. Lakini kazi yenyewe ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa mjini.

Tuanze na Vita Kuu ya Kwanza. Australia wakati ule ilikuwa na watu wasiofika milioni tano. Wanaume 416,809 walijiandikisha, na kama 60,000 hawakurudi. Waliorudi, wengine walirudi na viungo vyote lakini wanatetemeka, hawalali, hawasemi. Madaktari wakauita mshtuko wa mabomu, wengi wao wakiamini ni kishindo cha mizinga kilichoharibu mishipa ya fahamu. Hapa Sydney wagonjwa hao walipelekwa Broughton Hall, jumba la kitajiri huko Rozelle lililogeuzwa hospitali ya kijeshi mwaka 1915. Lilikuwa ubavuni mwa Callan Park, ambayo niite tu Mirembe ya Sydney na Mtanzania yeyote ataelewa. Ukienda leo utakuta watu wanatembeza mbwa kwenye nyasi.

Mwaka 1918 serikali ikaanzisha idara nzima ya kuwahudumia askari waliorudi: pensheni, hospitali, mashamba. Askari akifa, mjane anapata pensheni, na kuanzia 1923 chama cha Legacy kikaanza kuwaangalia watoto wa marehemu. Lakini je, akirudi mzima na si yule aliyeondoka? Hapo hapakuwa na ofisi ya kumuuliza mke analalaje. Alirudishiwa mume, basi.

Aliyeliona hilo mapema, kwa maoni yangu, ni mchonga sanamu. Ukishuka kituo cha treni cha Museum, ndani ya bustani ya Hyde Park kuna Ukumbusho wa Anzac, uliofunguliwa Novemba 1934. Msanifu alikuwa Bruce Dellit, sanamu zilichongwa na Rayner Hoff. Kwenye kuba ndani kuna nyota 120,000, kwa ajili ya watu wa jimbo hili la New South Wales waliojiandikisha vitani. Katikati ya sakafu kuna tundu kubwa la duara, unainama na kuchungulia chini. Huko chini kuna kijana wa shaba, uchi, amekufa, amelala juu ya ngao. Na ngao imebebwa na wanawake watatu: mama, dada, na mke mwenye mtoto mchanga mikononi.

Wale wa Dar mnaijua sanamu ya Askari pale Samora, ya mwaka 1927, yule bwana aliyeelekeza singe yake bandarini. Nimepita pale mara mia nikiwa mwanafunzi nikiwahi basi. Askari wetu yuko peke yake. Hana mama, hana mke, kama vile aliota tu pale mtaani. Simlaumu aliyeichonga, alitumwa na wakoloni na walitaka hivyo. Ila tangu nimeiona ile ya Hyde Park, ya kwetu naiona ina upungufu.

Haya, ikaja Vita ya Pili. Ilipoisha, talaka Australia zikapanda mpaka zikafika kilele mwaka 1947. Ndoa nyingi zilifungwa harakaharaka kabla ya meli kuondoka, bwana akakaa miaka mitatu minne vitani, aliporudi walikutana watu wawili wasiojuana. Ni miaka hiyo hiyo mwishoni mwa 1940 ndipo mabaraza ya ushauri wa ndoa yalipoanza hapa, na sheria ya ndoa ya mwaka 1959 ikaruhusu serikali kuyapa fedha. Kwa hiyo msimwambie shangazi, lakini kazi yangu ni mtoto wa vita.

Na sisi? Wazee wetu wa Keya walikuwa Burma mwaka 1944, wanapigana msituni kwenye mvua na malaria. Waliporudi vijijini hakuna aliyewaanzishia baraza lolote. Daktari mkuu wa Mathari kule Nairobi, Carothers, ndiye huyo ambaye mwaka 1953 kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, kikimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kama ndivyo mtaalamu alivyotuona, nani angemuuliza mzee wa Keya anaota nini usiku?

Sasa Vietnam. Hapa ndipo penyewe.

Vijana wa miaka 20 walichaguliwa kwa bahati nasibu, wadau, sitanii. Vigololi vyenye tarehe za mwezi viliwekwa kwenye pipa, vikazungushwa, kigololi cha siku yako ya kuzaliwa kikitoka unakwenda jeshini. Ilianza 1965 ikaisha 1972. Waliochukuliwa hivyo walikuwa zaidi ya 63,000, na kama 15,000 kati yao walipelekwa Vietnam. Wote kwa ujumla, wa kuandikishwa na wa kazi, waliokwenda ni kama 60,000, na zaidi ya 500 walikufa.

Watu hupenda kusema hakuna aliyewapokea. Si kweli kabisa. Vikosi vilivyorudi pamoja kwa meli viliandamana mjini na watu wakashangilia, ingawa kwenye gwaride la Sydney la Juni 1966 mwanamke mmoja alijipaka rangi nyekundu kama damu akawakumbatia askari, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Tatizo lilikuwa kwa wale waliomaliza mwaka wao mmoja mmoja. Hao walipanda ndege. Babu zao walitoka Ufaransa kwa meli, wiki kwa wiki baharini, wanakunywa, wanalia, wanapigana, wanasimuliana. Huyu ametoka msituni, kesho yake yuko Mascot uwanja wa ndege, mara nyingi usiku, na keshokutwa yuko jikoni kwa mama yake anaulizwa anataka mayai mangapi.

Anayejua yaliyofuata ni mke. Yeye ndiye aliyejifunza kumwamsha kwa kumgusa kidole cha mguu, akiwa amesimama mbali. Yeye ndiye anayejua kwamba mgahawani lazima bwana akae mgongo ukutani, anautazama mlango. Yeye anawaambia watoto wanyamaze, baba amechoka, na baba anachoka miaka ishirini. Nyumba nzima inajipanga kumzunguka mtu mmoja, polepole, mpaka hakuna anayekumbuka kwamba zamani walikuwa wanacheka mezani. Hii ndiyo sababu sisi wa fani hii hatupendi kumwona mgonjwa peke yake. Ukimtibu yeye ukamrudisha kwenye nyumba ile ile iliyojipanga vile vile, wiki mbili tu mambo yamerudi.

Januari 1976 sheria mpya ya familia ikaanza kazi: huhitaji tena kuthibitisha kosa la mwenzio, mkitengana miezi kumi na miwili inatosha. Mwaka huo talaka zilifika kama 63,000 nchi nzima. Nyingi zilikuwa za watu waliosubiri siku nyingi, si za maveterani tu. Lakini kuanzia hapo mke wa askari alikuwa na mlango, na bwana akijua kuna mlango, mazungumzo hubadilika.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wakaingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa jina jipya, msongo unaofuata kiwewe. Hapa Australia maveterani wa Vietnam walikuwa wameshaunda chama chao, wanapiga kelele kuhusu zile dawa za kuua majani zilizonyunyizwa msituni na kuhusu wenzao wanaojiua. Hawakuiamini idara iliyokuwa inawahudumia. Waliona ni ya wazee wa vita kubwa, na ya kubishana nao juu ya pensheni. Kwa hiyo huduma ya ushauri kwa maveterani wa Vietnam ilipoanzishwa mwaka 1982, vituo vyake viliwekwa mbali na ofisi za idara, kwenye majengo ya kawaida ya mtaani, unaingia kama unayekwenda kwa fundi saa. Na milango ilikuwa wazi kwa familia pia. Hilo ndilo lililoleta kazi yangu. Mara nyingi anayepiga simu kwanza ni mke.

Oktoba 3, 1987, maveterani hao waliandamana hapa Sydney katika gwaride la kuwakaribisha nyumbani, kama 25,000, miaka kumi na tano baada ya vita yao. Watu walilia barabarani. Gwaride zuri, lakini watoto wao walikuwa wameshakuwa watu wazima, na utafiti wa serikali uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wa maveterani wa Vietnam walikuwa wanajiua kwa kiwango cha mara tatu kuliko watu wengine. Someni tena sentensi hiyo. Watoto ambao hawajawahi kuiona Vietnam.

Ile huduma imebadili jina mara mbili, mwaka 2007 na tena 2018, ikawa Open Arms. Sasa ni bure hata kwa aliyetumikia jeshi kwa siku moja tu ya kazi kamili, na kwa mwenzi wake na watoto wake. Lakini msidhani mambo yameisha. Baada ya Iraq na Afghanistan ni akina mama waliofiwa ndio waliokwenda bungeni kupiga kelele, mpaka Tume ya Kifalme ikaundwa Julai 2021 kuchunguza kujiua kwa wanajeshi na maveterani. Tume ilihesabu waliojiua kati ya 1997 na 2021: watu 1,677. Vikao vyake vya mwisho vya hadhara vilikuwa hapa Sydney Machi 2024, na Septemba mwaka huo ikatoa ripoti yenye mapendekezo 122. Wale wanawake watatu wa Hyde Park, kwa maneno mengine, walichoka kubeba kimya.

Najua wapo watakaosema sisi tuna wazee, tuna mashangazi, hatuhitaji haya mambo ya Kizungu. Jamani. Mashangazi wanasuluhisha ugomvi wa mahari na wa nyumba ndogo, na wanasuluhisha vizuri kunishinda mimi. Lakini mume anayeamka saa nane usiku anamkaba mkewe akidhani ni adui, na asubuhi hakumbuki? Mke wa namna hiyo aliambiwa avumilie. Mwaka 1978 tulikuwa na sababu, nia na uwezo, tukamtoa Amin Kagera, tukaingia Kampala Aprili 1979. Waliokufa wana makaburi Kaboya, na kila Julai 25 mashujaa wetu tunawawekea silaha za jadi na maua. Waliorudi hai walirudi kwa wake zao.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Mkewe yuko hai, ana akili timamu kabisa, na nikienda likizo Desemba nimepanga kukaa naye uani na kumuuliza. Kama nawe una mama au bibi aliyeishi na askari wa Kagera, au wa Keya kama bado yupo, muulize alikuwa anamwamshaje.