Ngome Yako Ina Ukuta, Lakini Ina Watu?

Mtu akitaja ngome, wengi wetu tunaona mnara wa mawe, bendera juu na farasi mweupe mlangoni. Yaani tunaona Ulaya. Hata tukikaa mezani kucheza Dungeons & Dragons, picha ni hiyo hiyo. Mchezaji amekusanya dhahabu, amechoka kulala porini, anataka kujenga kwake. Hapo ndipo msimamizi wa mchezo huanza kukuna kichwa. Ukimpa ngome, anajifungia ndani na kisa kinalala. Ukimnyima, ananuna hadi mnamaliza mchezo. Mimi nasema jibu liko huku kwetu. Ukitoka Ndalu ushike ile barabara ya Kitale, upite Kamukuywa na Misikhu, ukifika Webuye inua macho tu. Vile vilima ni Chetambe.

Kwa wale hawajawahi kucheza: hakuna skrini. Watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja anasimulia dunia, wengine wanaongoza wahusika wao, na dadu zinaamua nani kaponea nani kaumia. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978, mpiganaji akifika kiwango cha 9 anaruhusiwa kujenga ngome, na wafuasi wanakuja kumtumikia. Kitabu cha wasimamizi cha 2024 nacho kimerudisha wazo la makao ya wachezaji kwa sura mpya. Kwa hivyo si jambo la pembeni. Shida ni vile tunalichukua: ngome inakuwa kama kombe la kuweka kabatini. Umeshinda, chukua, tuendelee.

Sasa angalia Wabukusu wa karne ya 19. Wengi wao waliishi ndani ya vijiji vyenye ukuta. Kijiji kama hicho kiliitwa lugoba, na vikiwa vingi, chingoba. Ukuta ulikuwa wa udongo, nje yake handaki, na mlango ulikuwa mwembamba ili adui asiingie kwa kundi. Hawakujenga kwa sifa. Mifugo ilikuwa inachukuliwa, vita na majirani kama Wateso na Wamaasai wa Uasin Gishu vilikuwa vya kwenda na kurudi, na Wabukusu pia walikuwa wanavamia. Ukilala bila ukuta, asubuhi unaweza kuamka bila ng'ombe.

Lakini ukuta ulileta kitu kingine. Ndani ya lugoba moja mliweza kukuta watu wa koo tofauti, na mtu wa kuwaongoza alikuwa omukasa. Fikiria kazi yake. Watu wamebanana, ng'ombe wako ndani, ukoo huu haujasahau mambo ya ukoo ule, na usiku lazima mlango ufungwe. Nani yuko zamu? Mgeni akibisha jioni akisema amefukuzwa kwao, unamfungulia? Ugomvi wa jirani na jirani ukiwaka leo, kesho mtapigana vipi bega kwa bega?

Hapo ndipo kisa chako kilipo, buda. Mchezaji akisema anajenga ngome, usimuulize tu dhahabu ngapi. Muulize nani anahamia. Mpe fundi aliyejenga ukuta na hajalipwa. Mpe wakimbizi kumi na chakula cha watano. Hatajifungia tena, kwa sababu ndani kumejaa kazi kuliko nje.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Kila ukuta hujengwa kwa adui fulani, na adui hubadilika. Mwaka wa 1895 Waingereza walikuwa wameweka kituo Mumias, chini ya Charles Hobley, na Mumia wa Wanga alikuwa upande wao. Baadhi ya Wabukusu walikuwa wamepata bunduki. Waingereza wakazitaka. Kikosi kilichotumwa kuzidai kikashambuliwa, na askari wengi wa Kisudani wakauawa. Hobley akarudi na jeshi kubwa la Wasudani, Waganda na Wawanga. Ngome ya Lumboka ikaanguka kwanza. Walionusurika wakakimbilia ngome ya Chetambe, na huko nako ukuta ukavunjwa. Watu wengi walikufa pale.

Soma tena hayo majina. Hao hawakuwa wazungu peke yao wakipiga Waafrika. Jirani alikuwa kwenye jeshi. Ukuta uliojengwa kuzuia mkuki ulikutana na bunduki za serikali ngeni na wenyeji waliokuwa na hesabu zao. Kwa hivyo usiwatumie wachezaji wako majini ishirini kila wiki ili tu ngome iwe na kazi. Acha wapuuze barua ya jirani leo. Acha wakatae kurudisha kitu kilichoibwa. Miezi miwili baadaye, jirani huyo aonekane bondeni akiwa na marafiki wapya. Wataelewa wenyewe ni wapi walikosea, na hawatasema umewaonea.

Na ngome ikianguka? Wasimamizi wengi wanaogopa hapo, wanaona mchezaji atalia kwamba ameporwa. Lakini Chetambe haikuisha 1895. Septemba 1947, miaka 52 baadaye, Elijah Masinde, mtu wa Kimilili aliyewahi kuichezea Kenya kandanda kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Ukuta ulikuwa umeporomoka kitambo, lakini serikali ya mkoloni ilikuwa bado inaogopa kile kilima. Ngome iliyoanguka ilikuwa na nguvu kwa watu kuliko jengo lolote lililosimama.

Kuna mtu atasema, wewe, hao ni wafu wetu, unawafanya mchezo? Swali ni la haki, na nina msimamo. Usiweke Chetambe mezani kwa jina lake halafu uigeuze mahali pa kuokota hazina. Pale kuna wazee wa watu. Chukua mfano wake: koo zilizobanana, omukasa asiyelala, jirani aliyekasirika. Halafu tunga dunia yako na majina yako. Watu wa Ulaya wamefanya hivyo na ngome zao hadi sisi tunazijua minara kuliko tunavyojua kilima kilicho juu ya barabara tunayopitia na matatu.

Kama una wachezaji wanaotaka kujenga wikendi hii, waruhusu. Kabla hawajachora ukuta, wape karatasi waandike mambo matatu: nani analala ndani, maji yanatoka wapi, na nani nje hajafurahia wao kuwa hapo. Wakishindwa kujibu, hawana ngome bado. Wana boma tupu lenye dhahabu, na boma kama hilo huvamiwa usiku wa kwanza.